Picha Niliyompiga Kaka Yangu

Watu wa Maskati hawanipendi, nami sina haja ya kupendwa nao. Kazi yangu ni rada. Nakaa pembeni mwa barabara, kifaa kimesimama kwenye miguu yake mitatu au nimekishika mkononi, gari likipita mbio napiga, picha inakwenda zake, na mwenye gari anapata ujumbe wa faini kwenye simu. Hakuna mjadala. Wengine wananitolea macho, wengine wanateremsha kioo wakanitukana kwa lugha nisizozijua, lakini tusi halitaki tarjuma. Nami nawatukana, ila kwa kimoyomoyo, maana nimevaa sare.

Wanaoniudhi zaidi si hao wanaokwenda mbio. Ni hawa wanaojiona wema. Nikikaa kwenye ile njia ya milimani ya kuteremkia Qantab, njia yenyewe nyembamba, kona juu ya kona, mtu ananipita taratibu kabisa, adabu tele, akishafika mbele huko anaanza kuwawashia taa wanaokuja: pa, pa, pa, jihadharini, yuko kwenye kona. Basi wanakuja wote mwendo wa harusi, wananipa na salamu, wakishanipita tu unasikia injini inalia. Kona ileile mimi nimeshamfunika mtu shuka, na kiatu chake kimoja tukakikuta chini bondeni. Huyo aliyewasha taa hakukiona kiatu. Anafika kwao anajisifu kwamba leo amewaokoa wenzake na askari.

Halafu kuna wa lugha yangu. Hao ndio basi tena! Siku moja nilimsimamisha Mkenya mmoja, dereva wa gari la kupeleka maji ya kunywa, anakwenda kama ameiba. Nikamwuliza kwa Kiarabu, akawa anababaika, nikamgeuzia Kiswahili ili tumalize. Loh! Uso ukamchanua. "Afande! Kumbe wewe ni wetu!" Nikamwambia mimi si wenu, niletee leseni. Akasema, "Si uniachilie tu leo, ndugu yangu, nimechelewa mbaya." Nikamwandikia. Akaniangalia kama nimemsaliti mama yake, na alipokuwa anaondoka nikamsikia akimwambia mwenziwe kwamba hawa Waarabu wa Zanzibar ndio wabaya zaidi. Basi na iwe hivyo.

Lakini yule alikuwa mgeni. Waliokuja kuniua roho ni wa kwetu.

Sisi ni watu wa Unguja tuliorudi huku, kama wasemavyo wazee, ingawa mimi nimezaliwa hapahapa. Kila Ijumaa baada ya sala tunakusanyika kwa mama, mtaa wa Mabela, tunakula pamoja, sinia moja la wanaume, jingine la wanawake, na kelele nyumba nzima, Kiswahili na Kiarabu mbiombio. Na kwetu sisi kumpita ndugu njiani bila ya kumsalimu ni kosa kubwa. Mtu anaweza kununa mwezi mzima. Kwa hiyo mambo yakawa hivi: watu wote wa mji huu wakiniona na rada wanashika breki. Wa kwetu wakiniona wanapiga honi. Wananipungia mikono, wanacheka, wanapita vilevile walivyokuwa wanakwenda. Ijumaa ikifika ninalaumiwa: "Tulikuona Alkhuwair, mbona hata mkono hukuinua? Ndiyo umeshakuwa mkubwa?" Nikawaambia mara ngapi sijui: mkiniona, punguzeni mwendo, msinipungie, mie niko kazini. Wanacheka. Dada yangu alisema, "Sasa tukuogope wewe? Wewe tuliyekuogesha?"

Mwenye kumpeleka mama hospitali alikuwa kaka yangu mkubwa. Mama figo zake zimekufa, kila baada ya siku moja anakwenda kusafishwa damu kwenye mashine. Kaka amestaafu wizarani, ana nafasi, na mama hamtaki mwengine. Teksi hataki, dereva wa kuajiri hataki. Na kule hospitali kuna saa. Kiti ni cha mama mpaka saa fulani, akimaliza anakaa mgonjwa mwengine, na huyo mwengine naye ni mgonjwa. Ukichelewa, mashine unazimiwa muda uleule kama uliyewahi. Maji yaliyobaki mwilini yanabaki, miguu inavimba, usiku hawezi kulala chali. Hili tulilijua sote. Na jambo la pili tulilijua sote pia: kaka alikuwa na nukta nyeusi nyingi za makosa kwenye leseni yake, za tangu zamani, na kosa moja tu zaidi angenyang'anywa.

Asubuhi hiyo nilikuwa Alkhuwair, barabara kuu, nimekishika kifaa mkononi. Watu wa wizarani walikuwa wameshaingia maofisini mwao na njia imefunguka, na njia ikifunguka ndiyo wanapopata wazimu. Nikaona gari jeupe linakuja kwa mbali, linawapita wenzake kushoto na kulia. Nikalilenga. Namba iliyotokea ilikuwa mbaya, haina utetezi. Na kwenye kioo nikamwona kaka. Mkono mmoja ameuinua, kiganja wazi. Pembeni yake mama, na yeye mkono juu. Na honi juu yake! Pii, piii!

Nikapiga. Sitaki kusingizia mashine, kidole kilikuwa changu. Ningeweza kukishusha kile kifaa nikajifanya nafuta jasho, nani angejua? Lakini damu ilinipanda. Waliniona, wakanijua, wakanipungia, na mguu haukutoka kwenye mafuta! Nilisema peke yangu, kwa sauti, pale barabarani: haya, chekeni sasa.

Kaka akanyang'anywa leseni.

Ijumaa ile nilikwenda Mabela kama kawaida, maana nisingekwenda ingekuwa kukiri. Niliposalimu waliitikia wale wasioweza kuacha kuitikia kwa sababu ya dini. Hakuna aliyenisogezea kahawa. Nikaimimina mwenyewe. Dada yangu akainuka, akaichukua simu ya kaka, akaifungua ile picha ya faini, akaipitisha kwa watu wote, mkono kwa mkono, mpaka ikanifikia mimi.

"Tizama," akasema. "Tizama vizuri. Mama yako anakupungia, nawe unampiga picha. Mama yako! Umekaa kwenye jua lile umemwona mzazi wako anakupungia mkono, moyo wako ukakwambia mpige?"

Nikamwambia wao ndio walionicheka, walinipungia wakijua sitawafanya kitu, na kama kila mwenye ndugu askari atakwenda mbio basi tufunge barabara tuzike tu. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu aliye nyumbani kwa mamake. Dada akasema, "Tumbo moja hili limekuzaa kweli?" Hapo kaka akanyoosha mkono, akaichukua simu yake, akaitia mfukoni.

"Amefanya kazi yake," akasema. "Khalas. Kuleni."

Wallahi maneno yale yalinichoma kuliko ya dada. Nilitaka anitukane, tutukanane, tuishe. Na mama, ambaye siku zote huwa wa kwanza kusema, alikuwa anauchambua wali wake kwa vidole, hakuinua uso.

Basi nani atampeleka mama? Dada ni mwalimu, asubuhi yuko darasani. Tukajaribu teksi. Ikachelewa, akakatiwa saa, usiku ule alikaa kitandani amejiegemeza kwenye mito anahema. Dada akanitumia ujumbe wa sauti mmoja tu: "Umemnyima dereva, kuwa wewe dereva." Nikaenda kumwomba mkubwa wangu wa zamu anihamishie jioni. Akaniuliza sababu, nikamwambia. Akakubali, lakini alinitizama kama mtu anayemtizama mjinga.

Nikawa dereva. Na nikawa dereva wa sheria! Kama kibao kinasema mwendo huu, ni huu huu. Magari yananipita, yananipigia honi, madogo kwa makubwa, na mimi nasema piteni, piteni, jioni tutaonana. Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba wake mapajani, shela limefungwa barabara, hasemi nami. Namwuliza, "Mama, kiyoyozi kimezidi?" Anapandisha kioo au anateremsha kioo, ndiyo jibu lenyewe. Nikimfikisha anashuka bila ya kuniangalia. Wiki zikapita hivyo. Nami nilikuwa nimemkasirikia pia, nisiseme uongo. Kila nikimwona pale pembeni yangu ninauona ule mkono wake kwenye picha, juu, vidole vimetanuka, na kicheko ambacho nilikuwa na hakika alikuwa anacheka.

Siku moja tulipotoka Mabela lori lilikuwa limepinduka na mzigo wa matofali, njia imeziba. Tukakaa. Mama akaanza kuitizama saa ya kwenye dashibodi. Anaitizama, anatizama mbele, anaitizama. Nikampigia muuguzi, akasema jitahidini, kuna mgonjwa anayefuata. Ilipofunguliwa njia nikaingia kwenye mwendo wangu uleule. Barabara nyeupe mbele yetu. Mama akavumilia kidogo. Halafu akainua mkono wake wa kulia, vidole vimetanuka, akaupiga kwenye dashibodi, paa!

"Kanyaga!"

Nilishtuka mpaka usukani ukayumba. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu nimpige picha kaka.

"Mama, siwezi."

Mkono ukainuka tena. "Kanyaga, n'nakwambia! Miguu yangu mie itavimba, si yako!" Paa!

Ule mkono ukiwa juu, kabla haujashuka, nikautizama. Niliujua. Vidole vilevile, kiganja kilekile kimeelekea mbele, pete ileile ya fedha. Nilishautizama kwenye picha, kule kazini, mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

"Mama," nikamwambia, "siku ile Alkhuwair, hukuwa unanipungia?"

"Nikupungie nini, nna wazimu? Tulikuwa tumechelewa. Kaka yako alipokuona alitaka kushika breki. Mie nikamwambia, kanyaga."

"Ulimwambia akanyage, na ulishaniona?"

"Ndiyo kwa sababu nilikuona! Nikamwambia, yule mwanangu, hatatufanya kitu."

Akageukia dirishani. Baadaye kidogo, akiwa amegeukia hukohuko, akasema, "Maskini kaka yako, alikuinulia na mkono kukuomba radhi."

Niliuangalia mshale wa mwendo. Ulikuwa mahali pake pa siku zote. Barabara bado nyeupe, saa ya kwenye dashibodi inakwenda, na mguu wangu nikausikia mzito. Wallahi niliusikia. Ningekanyaga tungewahi, au tungekaribia kuwahi. Mbele kidogo, baada ya daraja, nilijua mwenzangu amesimama na kifaa, maana zamu ile ilikuwa yangu kabla sijaiomba ibadilishwe. Lakini si yeye aliyenizuia. Nilikikumbuka kile kiatu cha kule Qantab. Nikauacha mguu pale ulipo.

"Kaka yako angekanyaga," akasema mama.

Tulichelewa. Muuguzi alimpokea, akamwambia pole sana, mama, leo itabidi tupunguze. Mama akasema, "Mwambie yeye," akanionesha kwa kidevu, kisha akanyoosha mkono wake uchomwe sindano.

Nikatoka nje, nikampigia kaka. Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya watu, simu inazungushwa na mimi natukanwa na yeye pia anatukanwa moyoni mwangu. Nilimfokea, ndiyo. Nilikuwa na haki ya kujua, nikamwambia.

"Niseme nini?" akasema. "Kwamba ni mama? Ili umpigie faini na yeye?"

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea.

Nilirudi ndani nikakaa naye mpaka mashine ikazimwa, mapema kuliko inavyotakiwa. Alikuwa amefumba macho, na mimi najua mama akilala hukoroma, hakukoroma. Miguu yake ilitokeza mwisho wa blanketi, imejaa, ngozi inang'aa. Nilitaka kumwambia kitu. Kwamba nilidhani ananicheka. Kwamba ningejua ningepiga vilevile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko yote. Nikalivuta blanketi nikamfunika miguu.

Tulipofika kwenye gari nikamfungulia mlango wa mbele, kama siku zote. Akanipita. Akaufungua wa nyuma mwenyewe, akapanda taratibu, akauvuta mkoba wake, akafunga.

"Twende," akasema, kama unavyomwambia dereva wa teksi. Na hukohuko nyuma ndiko anakokaa mpaka leo.