Kitabu chenye Milango Miwili

Shafii alijifunza kujalidi vitabu sokoni Muyinga, kwa misahafu iliyochakaa ya majirani na vitabu vya shule vya watoto wao. Mkono wake haukuwa na haraka. Ndiyo sababu Emiliana, mkutubi wa chuo kikuu kimoja mjini Gitega, alimwita aje kujaribiwa kwenye mkusanyo wa masomo ya Kiyahudi: vitabu vya sala, vya historia na kamusi za Kiebrania, vingi vikiwa vimeachana na majalada yake. Kitabu cha kwanza kikitoka vizuri, Shafii angepewa vyote. Kikiharibika, masanduku yangerudi stoo na wanafunzi wasingevigusa.

Alipewa kitabu cha sala kilichofumuka. Alipoona Kiebrania kinaanzia kulia, alitabasamu kama mtu aliyekutana ugenini na ndugu wa mbali. Akakishona chote kwa kuanzia kulia, kama msahafu, akatia gundi, akakilaza chini ya ubao mzito.

Asubuhi Emiliana alikifungua. Nusu ya kitabu ilikuwa Kifaransa. Aliyeanzia kushoto, kama Kifaransa kinavyotaka, alikutana kwanza na dua za kulala. Za asubuhi zilikuwa zimejificha katikati.

“Baba Shakila,” alimwambia Shafii, “Wafaransa umewasilimisha.”

Shafii alicheka. Kisha akayaona masanduku mlangoni, kicheko kikaisha.

“Mi nilifikiri iko na mulango moja,” alisema. “Kumbe iko mbili. Unipe, nifumue.”

Emiliana alikulia Tanzania, na tangu arudi nyumbani Burundi Kirundi chake kilikuwa kikichekwa hadi na wauza ndizi; kukosea lugha alikujua. Alimrudishia mzee yule kitabu, akamwambia asiharakishe.

Shafii alilainisha gundi kwa kitambaa chenye maji, akavuta uzi pole pole, akazipanga upya kurasa za Kifaransa. Lugha mbili zikaja kukutana katikati, naye akaweka karatasi tupu kati yao, ili, alivyoeleza, zisisukumane.

Emiliana alifungua kushoto, akazikuta dua za asubuhi. Akakigeuza, akafungua kulia, akazikuta tena kwa Kiebrania. Kisha akasukuma sanduku la kwanza kwa mguu mpaka likafika kwenye kiti cha fundi.

Shafii alitoa kitabu cha juu, lakini sindano hakuigusa.

“Hii nayo, watu wanaingilia wapi?”

“Sijui,” alisema Emiliana, akivuta kiti chake. “Hebu tuangalie.”