Mgeni Aliyeingia Kwenye Mchezo Wetu

Sina nguvu ya kutunga. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani huyu mama amekaa akabuni mambo ya kutishia watoto. Anayetunga ana muda, na amelala vizuri. Mimi sijalala vizuri tangu mwanangu Manka yuko darasa la tano, na leo Manka ana watoto wake. Mambo haya yalitokea hapa hapa Moshi, nyumbani kwangu mtaa wa Soweto, miaka ile ya mgao wa umeme. Mume wangu yupo, muulize. Atakwambia alikuwa amesinzia, lakini muulize.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Waliponunua kompyuta mpya, ile ya zamani iliyokuwa itupwe nikaiomba. Haikuwaka. Kila nikitoka kazini niliifungua kwa bisibisi, nikaisugua vumbi kwa brashi ya viatu, nikachomoa hiki nikachomeka kile, mpaka siku moja ikapiga mlio na kioo kikapata mwanga. Mama mtu mzima nilikaa sakafuni nikalia. Hapo ndipo nilipoanza kuazima vitabu maktaba, vya kompyuta kwa ajili yangu na vya hadithi kwa ajili ya Manka. Nilimsomea kila jioni. Hadithi ikiisha yeye hataki iishe. "Mama, tuiendeleze wenyewe."

Ukazaliwa mchezo wetu hivyo. Mimi nilikuwa msimulizi: mmefika mtoni, mto umefurika, haya, mnafanyaje? Manka alikuwa kiongozi wa wasafiri, kama wale vijana wanaopandisha wazungu mlimani. Baba Manka, ambaye alikuwa dereva wa lori na alirudi nyumbani hoi, siku zote alichagua kuwa mfalme, kwa sababu mfalme anaruhusiwa kulala. Tukibishana, tunarusha dadu ya ludo. Na sheria ilikuwa moja, niliiweka mimi kwa kuwa Manka alikuwa na tabia ya kugeuka geuka: neno ukishalisema ndani ya mchezo, limesemwa. Hulirudishi. Umeme ukiwepo niliyaandika majina ya watu wetu kwenye kompyuta, nikaiamuru iwatembeze kwa mistari ya maneno. Vitu vidogo tu, lakini vilitufurahisha.

Jioni hiyo mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatwa. Tulikuwa mezani na taa ya chemli, mchezo umefika kwenye njia panda. Tukasikia hodi.

"Karibu," nikasema, kama mtu yeyote angesema.

Akaingia mwanamume kijana, koti refu, viatu vya kazi. Nguo zake zilikuwa na vumbi jeusi linalometameta, lile wanalorudi nalo vijana kutoka machimbo ya Mererani. Vumbi, unanisikia? Nje mvua inamwagika, na yeye ana vumbi kavu. Niliona. Lakini ukiwa umechoka unaona kitu na hukishughulikii.

"Shikamooni," alisema. "Nimeona taa yenu. Naomba nikae kidogo, nimetembea sana."

Nikampa kiti na kikombe cha chai. Alikishika kwa mikono miwili kama anayeota moto, hakunywa. Akatutazama.

"Mnafanya nini?"

Manka akamweleza mchezo wote, kwa fahari. Yule mtu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Na mimi naweza kuingia?"

Manka akanitazama. Mimi nikasema, "Mgeni haachwi nje. Ingia. Wewe utakuwa nani?"

"Nitakuwa Eliamani wa Kirua. Mtu anayetafuta kwao."

Tukaendelea. Na alijua kucheza, jamani! Sauti yake ilikuwa ya chini na kila alichokisema ulikiona: migomba iliyolowa, moshi unaotoka kwenye paa, harufu ya ng'ombe wa zizini. Hata Baba Manka alifumbua macho. Kisha yule mtu akamgeukia mwanangu.

"Kiongozi, utanifikisha kwetu?"

Nilitaka kusema turushe dadu. Sikuwahi. Manka akajibu, "Nitakufikisha."

Umeme ukarudi wakati huo huo. Unajua macho yanavyouma taa ikiwaka ghafla, tukayafikicha. Tulipoyafumbua, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kimejaa, na chai baridi kama maji ya mtungi. Baba Manka akaenda mlangoni. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

"Huyu ametokaje?" akauliza.

Kesho yake tulicheka, maana mchana watu hucheka. Manka akaniomba nimwandike Eliamani kwenye kompyuta pamoja na wengine, nami nikamwandika.

Baada ya hapo mtoto akaanza kuisha. Jua likizama tu anavaa viatu na kusimama mlangoni. "Mgeni ananingoja," anasema. Namvua viatu, namlaza, nalala naye kitanda kimoja nimemkumbatia. Asubuhi nyayo zake zina udongo mwekundu wa juu mlimani, na Soweto udongo wetu si ule. Akaacha kula. Vifundo vya miguu vikavimba. Zahanati wakampima malaria, hana. Padre akaja akamwombea, mtoto akalala usingizi mzuri siku moja, halafu ikawa yale yale.

"Mama, nimechoka," aliniambia siku moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. "Tunatembea usiku kucha na hatufiki."

Mimi nikafanya kile nilichokijua. Nikawasha kompyuta, nikalitafuta jina la Eliamani, nikalifuta. Ni mchezo wangu, nimeuandika mimi, kwa nini nisiweze kumtoa mtu? Sijaondoa kidole kwenye kibodi nikasikia kishindo jikoni. Manka alikuwa chini, macho wazi, anapapasa sakafu.

"Mama, sioni! Umemwacha gizani. Na mimi niko naye!"

Sijui nilirudije mezani. Nililiandika lile jina nikakosea, nikaliandika tena. Lilipokaa sawa mtoto akavuta pumzi na kusema, "Sasa naona." Kuanzia hapo sikujidanganya tena kwamba nina mgonjwa wa kawaida.

Nikamshika mikono. "Manka, huyo mtu hajui njia ya kwao?"

"Anaijua, lakini akifika darajani hawezi kuvuka. Hapo anasimama. Anasema mtu aliyefia mbali haingii kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, mwenyewe, lazima aongozwe na mtu na aitwe na wenyewe. Anasema mimi ni mtoto, nimeahidi lakini siwezi. Anataka mkubwa."

Baba Manka alikuwa safarini Tanga na lori. Sikumsubiri. Jumamosi nikamchukua mwanangu tukaenda Kirua Vunjo. Sisi ni watu wa Kibosho, upande wa pili kabisa wa mlima, na sikuwa na jamaa wala rafiki huko. Manka pia hakuwahi kufika. Lakini gari lilipotushusha alitangulia mbele, akikata kona kama mtoto anayerudi kutoka shule. Niliwahi kumfuata mwanangu sokoni, kanisani, hospitalini. Kumfuata namna ile, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nalia na sikutoa sauti.

Ukungu ulishuka alasiri. Migomba ikawa vivuli. Tukafika kwenye kijito chenye daraja la magogo, na pale alikuwa amesimama, koti lile lile, vumbi lile lile.

"Pole kwa safari, Mama Manka," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi. Nilipomwona uso, yakaniisha. Umewahi kumwona mtu aliyechoka kuliko wewe? Aliinama kama aliyebeba gunia, na hakuwa na kitu mgongoni.

"Kwa nini mwanangu?" nikamuuliza. "Watu wote hawa duniani!"

"Nilipiga hodi nyumba nyingi," akasema. "Wengine hawasikii. Wengine wanasikia wanazima taa. Ninyi mlisema karibu."

"Uliachwa wapi?"

"Shimoni. Ardhi ilitufukia. Wenzangu walitolewa, mimi sikufikiwa. Mama yangu hana kaburi la kulipalilia."

Nikatazama miguu ya mwanangu iliyovimba. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu vizuri, "Mwachie mtoto. Ahadi yake naichukua mimi. Kiongozi ni mimi."

Akainamisha kichwa. Manka akashusha pumzi ndefu, akaniegemea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamweka mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikavuka daraja. Yeye akafuata nyuma. Viatu vyake havikutoa sauti, lakini nilimsikia akihema. Kila penye njia mbili alisema kwa upole, "Kulia, mama," au, "Endelea tu." Ukungu ulikuwa mzito, mvua nyepesi ikaanza, na mgongo wangu ulikuwa unakatika. Sikumwogopa tena. Woga nao unataka nguvu.

Tukafika kwenye kihamba kilichozungushiwa ua wa masale. Bibi mmoja alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnatoka wapi, na mtoto amechoka hivyo?"

Ningesemaje? Nilikuwa sina maneno mazuri. "Bibi, tumemleta Eliamani."

Aliacha panga likaanguka. Hakuniuliza mimi ni nani, hakuniuliza nimemjuaje mwanawe. Alitazama nyuma yangu, muda mrefu, mahali ambapo mimi, na mtoto mgongoni, sikuweza kugeuka kupatazama. Kisha akakata jani la sale, lile ambalo kwetu Uchagani mtu akikuletea huwezi kumkatalia amani, akalishika mbele ya mlango wa ua.

"Ingia, baba," akasema. "Mbona umekawia? Mimi sijafunga mlango. Ingia kwako."

Ng'ombe akalia. Na hapo, niamini usiniamini, ndipo niliposikia nyayo zake kwa mara ya kwanza. Zilipita ubavuni pangu, nzito, za mtu mwenye viatu vya kazi, zikakanyaga majani makavu ya migomba, zikaelekea nyuma ya nyumba, zikaacha kusikika. Manka mgongoni kwangu alikuwa amelala fofofo, anakoroma.

Bibi alitupa mtori wa ndizi na maziwa. Manka aliamka akala bakuli lote, akaomba jingine. Mimi nilikaa namtazama anavyotafuna.

"Ndugu walitaka tuzike shati lake, yaishe," bibi alisema. "Nikawaambia, nitazikaje nguo na mwenyewe yuko njiani? Sasa nitazika." Alilizika wiki iliyofuata nyuma ya nyumba, pale nyayo zilipoishia, na mimi na Baba Manka tulikwenda. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyemaliza mavuno.

Manka alipona. Aliendelea na shule, akaolewa, yuko Arusha. Anakumbuka mvua na mtori, basi. Mchezo tuliuacha siku ile ile, na kompyuta nikaifungua kwa mara ya mwisho nikagawa vipuri vyake kwa waliovitaka. Nilidhani nimemaliza.

Lakini ahadi ile niliichukua mimi, tena kwa mdomo wangu, na sikusema kiongozi wa nani. Mvua za masika za mwaka uliofuata, giza linaingia, nikasikia hodi. Baba Manka hakuisikia, alikuwa mezani anakula. Nje, sauti ya mwanamke ikauliza kwa adabu, "Samahani, hapa ndipo anapokaa yule mama anayefikisha watu?"

Wanaambizana. Hilo sikulijua.

Nimeshafika Rombo. Nimeshafika Uru, Mwika, Siha, na sehemu nyingine sikuuliza jina. Nimeingia kwenye vihamba ambavyo masale yake yamekauka na hakuna wa kuita, nikaita mimi. Magoti yangu yamekwisha. Mume wangu anasema niache kufungua mlango, na ana haki. Lakini yeye hajamsikia mtu akihema nyuma yake vile, anakwambia kulia, mama, endelea tu.

Kwa hiyo wewe, cheza na wanao, wasomee vitabu, watengenezee hiyo mitambo yenu ya siku hizi. Ila mgeni akiingia na kuomba nafasi kwenye mchezo, mtazame kwanza nguo zake na mvua iliyoko nje. Na mfundishe mtoto wako asimwahidi mtu asiyemjua kumfikisha kwao. Akishaahidi, wewe mzazi ndiye utakayetembea.