Kahawa ya Kumkaribisha Baba

Siku niliyompeleka baba porini naikumbuka mpaka harufu ya koti lake, mwanangu. Lilikuwa koti la Krismasi, linalokaa sandukuni na dawa ya nondo mwaka mzima, naye akalivaa kwenda kuwaona tembo. Watu wa kijijini kwetu Maruku walimcheka wee! "Mzee, kwani huko porini kuna ibada?" Akawajibu kwamba mgeni ni mgeni, hata akimtembelea mnyama.

Mimi nilikuwa muuguzi hapa Bukoba mjini, bado msichana. Tangu mama afariki, baba alikuwa amenyamaza. Anakaa kibarazani, anatazama migomba, basi. Jambo moja tu alilitamka: babu yake alimsimulia tembo wa upande wa Burigi, naye atakufa hajawaona. Nikamtafutia nafasi kwenye hoteli moja ndogo ya kitalii huko porini, ng'ambo ya Muleba. Walikuwa na mahema, lakini mahema gani! Kitanda kipana, bafu humo humo ndani. Nilipanga nimfikishe, nimkabidhi, nigeuze na gari lile lile, maana kesho yake rafiki yangu wa Rwamishenye alikuwa anaagwa kwao, anaolewa.

Tulipokelewa vizuri mno. Dada wa mapokezi alituletea vitambaa vya maji moto vya kufutia uso, na juisi. Baba akafuta uso, akakikunja kitambaa, akakirudisha. Juisi hakuigusa.

"Mwenye nyumba yuko wapi, nimsalimie?"

Dada akamwambia kwa adabu kwamba mwenyewe anaishi Ulaya.

"Na mkewe?"

Naye yuko huko huko. Baba akachukua fimbo yake, akaanza kurudi kwenye gari.

Nikamkimbilia. "Tata, chakula kipo, kitanda kipo, kimepungua nini?"

Akaniangalia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza. "Umenitafutia kitanda, mwanangu. Nani amenikaribisha?"

Unajua kwetu Uhayani. Hata uwekewe kiti kizuri namna gani, hujakaribishwa mpaka mtu wa nyumba hiyo akuletee akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, mketi mtafune pamoja. Nikaona safari inafia pale pale. Baba angerudi kwenye kibaraza chake na kimya chake, na asingekubali tena kutoka.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba. Kumbe alikuwa amembebea mwenye nyumba kahawa! Akaniwekea kiganjani.

"Kama mwenye nyumba hayupo, basi kuwa wewe."

Nikamwambia dereva aende zake. Nikaomba kikapu, yule dada akaniletea cha kuwekea mikate. Nikapiga magoti kwenye nyasi zao zilizokatwa vizuri, watalii wametukodolea macho, nikampa baba kahawa kwa mikono miwili na kumkaribisha nyumbani kwa Kihaya. Nyumbani kwa nani, hata sijui! Akatia punje mdomoni, akatafuna taratibu.

"Sasa nimefika," akasema.

Yule dada naye akaomba punje. Kumbe ni mtoto wa Kagondo, Mhaya mwenzetu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Asubuhi tembo walikuja kunywa maji. Baba aliongea mpaka jua likawa kali: habari za babu yake, za mama, za utundu wangu nilipokuwa mdogo. Sherehe ya rafiki yangu ilinipita, na wala sijaijutia hata siku moja. Baba hakuumaliza mwaka ule. Ee, nimemkumbuka mzee wangu jamani.

Sasa wewe jana umenipigia simu kutoka Dar, umesema umenitafutia mahali pazuri huko huko porini, dereva atanifuata hadi mlangoni. Ahsante sana, nimefurahi. Ila nikwambie bila kuzunguka: mzazi hasafirishwi kama kifurushi. Ukimpa kitanda, kaa naye. Chakula kizuri atapikiwa na yeyote, lakini kukaribishwa anataka akaribishwe na mtu wake. Kwa hiyo huyo dereva wako simpandii gari mpaka uje mwenyewe. Kahawa nimeshaianika, na kikapu utabeba wewe.

Mungu akulete salama, mwanangu. Akupe nyumba isiyokaukiwa na wageni, na siku utakapokaa kibarazani wewe, akupe mtu wa kukaa pembeni yako.