Umeme ulikuwa umekatika, fundi akapigwa shoti

Fundi Salumu amepigwa shoti leo saa sita mchana, mtaa mzima ukiwa hauna umeme.

Alikuwa juu ya bati kwa jirani yangu Mama Zuhura, hapa Chang'ombe, akifunga paneli nane za sola. Tangu asubuhi alisubiri umeme ukatike ndipo aguse nyaya.

Nikamwambia kutoka chini, "Fundi, jua likiwaka paneli zina umeme wake. Zifunike turubai kwanza."

Akacheka. "Braza, wewe andika habari. Umeme wameshakata."

Akashika nyaya mikono mitupu.

Hakupiga hata kelele. Aliviringika hadi ukingoni mwa bati, akaangukia matofali.

Nimemwacha hospitali. Mguu umevunjika, viganja vyote viwili vimeungua. Mkewe ameniuliza atarudi lini kazini.

Nimerudi saa kumi, jua bado kali. Juu ya bati lilelile yupo fundi mwingine, hana glovu wala turubai.

Mama Zuhura anamhimiza kutoka chini: "Fanya haraka, baba, umeme usije ukarudi."

Nimemwita fundi, nikamweleza. Naye amecheka.

Nyie mngemwambia nini?