Mlango wa Kabati la Hewa Haba

Miaka kumi na tisa Runai anak Sujang amefanya kazi maabarani, mjini Kuching, na kazi yenyewe ni kuvilea virusi vya saratani ya pua, ile inayowamaliza watu wa kabila lake, Wabidayuh. Wakubwa wanapanda majukwaani kusifiwa. Anayejua tabia za virusi hivyo ni yeye. Penye hewa ya kutosha kirusi kinalala ndani ya seli, kimya. Lakini katikati ya uvimbe oksijeni ni haba, na kwenye seli za zamani za maabara Runai alishaona kwamba kikikosa hewa kinaamka na kuanza kuzaana. Je, kwa mgonjwa wa kweli ni hivyo hivyo? Hilo ndilo lililomnyima raha.

Kipande cha uvimbe kikapatikana. Baba Nohed, mjomba wake wa kijijini aliyeugua saratani hiyo hiyo, alikatwa kijinofu cha uvimbe shingoni kabla hajaanza mionzi.

"Chukueni," alisema. "Ila uje uniambie hicho kirusi kinafanya nini humo ndani."

Runai akakiweka kwenye kabati la hewa haba, siku tatu, mlango usifunguliwe. Akatundika tawi bichi mlangoni, kama kwao wanavyofanya nyumba ikiwa na mwiko: hapa haingii mtu. Kila Mbidayuh pale kazini alielewa.

Mkuu wao, Dk. Leong, si Mbidayuh. Siku ya pili akaleta wageni, akaling'oa tawi akidhani ni pambo, akaliacha kabati wazi ili wapigwe picha. Hewa ikajaa tele!

"Dakika mbili tu, Runai. Usininunie."

"Dakika mbili? Umeniharibia kila kitu, daktari!"

"Andika siku tatu, mlango umefungwa. Nani atajua?"

"Nitajua mimi! Mtu mzima, huna hata haya!"

Runai akaandika daftarini mbele yake: saa ya thelathini na moja, mlango ulifunguliwa na Dk. Leong.

"Basi kaombe kipande kingine," akasema bosi.

Kingine kitoke wapi, jamani? Uvimbe ulishaanza kuchomwa mionzi asubuhi ile, seli zake hazifai tena.

Runai akaenda wodini, bado anafoka peke yake. Akaketi kando ya kitanda cha mjomba.

"Sijui, mjomba. Na sitajua tena. Walifungua mlango wapige picha."

Baba Nohed akamgeukia. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Hizo picha," akanong'ona, "angalau zimetoka vizuri?"