Keza anajua majibu yote

Mutoto wangu wa miaka mitatu amejibu swali la mtihani wa kuingia chuo kikuu. Msipige makofi kwanza.

Nikipika maharagwe, nasoma kwa sauti fotokopi za maswali ya mazoezi, yale ya kuchagua jibu, pamoja na majibu mliyonitumia. Keza anacheza miguuni pangu.

Leo Divine, jirani yetu anayesoma chuoni, alikuja kunipima. Akasoma swali la gari linalotoka Bujumbura kwenda Gitega. Kabla sijafungua mdomo, Keza akasema, "C."

Ni C kweli. Tulicheka mpaka machozi.

Divine akabadilisha mwendo wa gari tu, akasoma tena.

"C," akasema Keza.

"C," nikasema na mi, pamoja naye.

Divine hakucheka. "Apana, Mama Keza. We umeshika herufi. Hesabu yenyewe hujui."

Mtihani wangu ni wiki ijayo. Shule niliiacha juu ya mimba ya huyu huyu Keza.

Nimeijaribu ile hesabu mpaka maharagwe yakaungua. Imenishinda.

Keza anauliza kama amefaulu. Nimemwambia akanawe mikono.

Anayeweza kunionyesha njia ya hiyo hesabu, karibu nyumbani. Majibu msinitumie tena. Hata Keza anayo.