Mbuzi wa Doktora Yu Hai

Jamani, mie ndie niliyemkosesha mwalimu wa mwanangu tuzo yake! Nisemeni mtakavyo.

Mie mtu wa Ibra, huku Oman. Skuli sikufika mbali, lakini magari ya maji yanayopita mtaani ni yangu, na hakunisukuma mtu. Tatizo mdomo, hauna breki.

Binti yangu anasoma chuo Nizwa. Hesabu zilimliza mpaka akataka kurudi nyumbani. Mwalimu wake, Doktora wanavyomwita, hakumwachia. Akikaa naye baada ya darasa, akiwatoa wote nje wakapige hesabu ya maji ya falaji, ule mfereji wetu wa kale, yanavyogawiwa mitendeni. Wallahi, mtoto akawa ananisomesha mie kwenye sinia ya wali! Wanafunzi wakamchagua Doktora apewe tuzo ya mwalimu bora.

Mie nikifurahi natoa mbuzi. Nikampakia kwenye pikapu mpaka mlangoni kwake.

Doktora akacheka. "Baba, Mungu akuzidishie, lakini haturuhusiwi. Mrudishe. Njoo siku ya sherehe useme ahsante, yanitosha."

Mbuzi wangu, arudishwe! Nikaondoka naye, nikamficha uani kwangu.

Jioni kwenye sabla, baraza yetu ya mtaa, wenzangu wanakunywa kahawa, mmoja akanichokoza: "Ehe, tajiri! Kapokea?"

"Kapokea? Kamla! Ini kalisifu mpaka basi! Zawadi yangu nani aikatae?"

Laiti ningetafuna halwa nikanyamaza! Maneno yakafika chuoni. Jina la Doktora likafutwa kwenye tuzo, eti kala hongo.

Nikampakia mbuzi yuleyule, mbio mpaka ofisini kwa mkuu wa chuo. "Huyu hapa! Hajaliwa hata sikio!"

Mbuzi naye akamwaga vidonge vyake juu ya zulia.

Mkuu akamtazama yeye, akanitazama mie. "Nimekuamini, baba. Lakini tuzo tumeshampa mwengine."

Nje, binti yangu amesimama na wenzake. "Baba! Umemleta tena?" Akajifunika uso kwa shela.

Doktora kanisamehe, na darasani bado anahangaika nao vilevile. Binti yangu bado. Akija wikiendi tunakula sinia moja. Nikimwuliza ya falaji, ananisogezea mchuzi tu.

Wenye watoto vyuoni, nakuombeni: mwalimu akimfaa mwanao, nenda kamwambie ahsante, kisha funga mdomo urudi kwako! Mie ahsante yangu iko uani, inanenepa, na hapa nyumbani hakuna anayethubutu kuichinja.